Shangazi Zawadi Alivyojua Kutuogopesha

Enzi zetu mtu alikwenda kuogopa kwa hiari yake, tena akikimbia ili awahi nafasi nzuri. Hatukuwa na televisheni wala simu za kusugua kwa kidole. Tulikuwa na Shangazi Zawadi, dada mkubwa wa baba yangu, na kibaraza cha nyuma ya jiko alikokaa jioni juu ya kigoda akichambua maharage ya kesho. Ukimaliza kula mapema unapata nafasi karibu naye, mgongo wako ukielekea ukuta. Ukichelewa unakaa mwisho kabisa, mgongo wako ukielekea migomba. Wenzangu mliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo, mnajua maana ya kukaa hivyo saa ile popo wanapoanza kutoka.

Mchana tulikuwa watu wengine. Mchana mimi nilikuwa shujaa. Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba mpaka ukawa mgumu, na aliyepigwa nao tumboni alikaa chini akihema huku wenzake wakishangilia bao. Tulioga ziwani bila ruhusa, kisha tukajipaka vumbi miguuni ili mama asijue, na mama alijua, kwa sababu hakuna mtoto anayerudi kutoka shule na masikio masafi namna ile. Shuleni mwalimu alitusomea imla ya Kifaransa akitembea kati ya madawati, akivuta kila neno polepole mpaka ukasahau lilianzaje. Tukirudi tulikuta bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wanavunjika mdomoni. Watoto wa leo wanauliza chakula kina nini ndani kabla ya kula. Sisi tuliuliza kama kimebaki.

Jua likizama, ushujaa wangu ulizama nalo. Hapo Shangazi alikuwa ameshaweka ungo mapajani, na makaa ya jiko yalikuwa yanatoa mwanga mdogo tu, wa kutosha kuona vidole vyake na si uso wake.

Nimesikia watu wengi wakisimulia habari za mizimu, na karibu wote wanaanza na mzimu. Shangazi hakufanya hivyo hata siku moja. Alianza na mambo yasiyo na ubishi. Alisema mvua ya mwaka ule ilichelewa. Alisema ilipokuja, barabara ya tambarare ilikuwa na matope mpaka wenye baiskeli wakazibeba begani. Sisi tuliitikia, maana matope yale tuliyajua. Kisha aliuliza kama tunaijua nyumba ya pamba. Tuliijua sana. Ilikuwa nyumba ya Mzungu aliyesimamia mashamba ya pamba zamani za Wabelgiji, na tangu aondoke hakuna mtu aliyekaa humo. Bati lake lilikuwa na kutu, madirisha yake ya mbao yalining'inia kwa bawaba moja moja, na ukichungulia ndani uliona viti viwili vilivyoelekeana, kana kwamba watu wawili wameinuka sasa hivi katikati ya maongezi. Mchana tuliirushia mawe. Kwa hiyo Shangazi hakuhangaika kututengenezea nyumba ya kutisha. Alichukua nyumba tuliyoipita kila siku tukienda shule, akaturudishia ikiwa na mtu ndani.

Mtu huyo aliitwa Bahati. Alikuwa kijana wa zahanati, amesoma, ana viatu vya ngozi, na saa za kazi zikiisha alipenda kuwacheka waoga. Shangazi alimpa Bahati maneno yote ambayo sisi wenyewe tulikuwa tunayasema mchana: kwamba mizimu haipo, kwamba ni panya, kwamba ni upepo umesukuma bati. Ukimsikiliza unasema, huyu ni mimi. Na ukishasema huyu ni mimi, umekwisha.

Siku hiyo Bahati alikuwa anarudi kutoka kijiji cha mbali, mvua ikamkuta tambarare, karibu yake hakuna paa lingine ila lile. Aliingia. Alikung'uta koti. Alivua viatu, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akakaa kwenye kiti kimoja kati ya vile viwili. Hakuna kilichotokea. Shangazi alikuwa hodari kwa hayo ya kutotokea kitu. Alikueleza jinsi Bahati alivyokamua soksi, soksi ya kulia kwanza, halafu ya kushoto, na wewe ulikuwa unataka kulia.

Kisha alisema kwamba Bahati alisikia kitu. Shangazi akatikisa ungo. Akainama kuangalia maharage.

"Kitu gani, Shangazi?"

"Ngoja nitoe mawe. Munataka kuvunja meno kesho?"

Alitoa jiwe moja, akalitazama, akalitupa nyuma yetu, kwenye migomba, na sote tulisikia lilipoanguka. Ndipo alipokumbuka kwamba moto unakufa. Nani ataleta kuni? Kuni zilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo mchana ungefika ukirukaruka kwa mguu mmoja. Hakuna aliyeinuka, na Shangazi aliendelea kuchambua. Mwishowe wawili walishikana mikono, wakakimbia, wakarudi na kijiti kimoja.

"Hiki ni cha moto ama cha kuchokonoa meno?"

Ikabidi dada yangu Furaha aende. Furaha ni mkubwa wangu, na tangu utotoni hana subira na waoga. Aliondoka akitembea, akarudi akikimbia, na mzigo mzima kifuani. Alidai alikimbia kwa sababu ulikuwa mzito. Mpaka leo anadai hivyo.

Alichokisikia Bahati kilikuwa hodi. Tu. Mtu anapiga hodi. Ninyi mnajua desturi yetu: mgeni anasimama nje na kupiga hodi, mwenye nyumba anaitikia karibu, na mgeni asipoitikiwa mara ya tatu anajua hakuna mtu, anarudi zake. Sasa Bahati afanye nini? Akisema karibu, amejifanya mwenye nyumba. Akinyamaza, amemwacha mtu kwenye mvua. Hodi ya kwanza ilitoka mbali, kule barabarani, sauti ya mtu mzima mwenye adabu asiye na haraka. Bahati alicheka, akasema ni mwenzangu amenyeshewa. Lakini hakuitikia. Hodi ya pili ilikuwa mlangoni. Bahati aligeuka, na mlango ule haukuwa na ubao, ulikuwa uwazi mtupu, na katika uwazi ule aliona mvua, akaona njia, akaona mpaka barabarani. Hakuona mtu.

Hapo Shangazi alinyamaza kabisa. Hata ungo ulinyamaza. Ilibaki hodi moja, na kila mtoto pale kibarazani alijua kwamba imebaki moja.

Nitaisema mahali pake. Nikiitoa hapa, Shangazi hatanisamehe huko aliko.

Aliposhaisema, kwa sauti ndogo kabisa, aliinuka na ungo wake. "Bon," alisema, "mwende mulale." Tulimshika kanga. Bahati aliona nini? Alipona? Huyo alikuwa nani? Yeye alitushangaa. "Mimi nilikuwa ndani? Mimi nilikuwa hapa na maharage." Akaingia kwake.

Basi kulala kukawa vita. Mkeka ulikuwa mmoja na sote tulitaka katikati. Aliyelala pembeni alivuta shuka, wa upande wa pili akabaki wazi, naye akavuta, na hivyo mpaka mama alipogonga ukuta. Aliyebanwa na mkojo alivumilia mpaka akashindwa, na akishindwa aliamsha jeshi zima limsindikize. Mama alimwambia Shangazi waziwazi kwamba mikeka yote ya nyumba itaoza kwa ajili yake. Shangazi aliitikia kwamba amesikia, kesho atasimulia habari za sungura. Kesho yake tulifika mapema kuliko siku zote, na aliyethubutu kutaja sungura alizomewa.

Shangazi alifariki nilipokuwa sekondari. Baadaye niliokoka, nikawa mzee wa kanisa, na kama ilivyo tabia yangu niliingia kwa nguvu nyingi kuliko nilivyoombwa. Nilitangaza kwamba hadithi za mizimu hazitasikika nyumbani mwangu. Mchungaji hakunituma. Vita vilikuja, tukahama, wanangu wakakulia kambini, jioni zikiwa ndefu na bila kazi yoyote, jioni ambazo Shangazi angezitumia vizuri sana, na mimi niliwapa mafungu ya Biblia ya kukariri. Mafungu wanayo hadi leo, na ninashukuru. Nyumba ya pamba hawakuijua. Hilo silitupii vita wala kanisa. Ni langu.

Sasa mimi ni mzee wa kuota jua kwenye ngazi za nyumba ya binti yangu, mtaa wa Beechmont, mjini Louisville, huku Marekani. Dada Furaha yuko Buffalo, West Side, kwa mwanawe. Mwanangu Amani yuko Columbus, huko Clintonville, na kwa kuwa Columbus iko katikati ya njia, kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani, tunakutana kwake. Siku hiyo maghala wanakofanya kazi wana wetu yanafungwa na hata wale wanaolea wazee wa watu wanabadilishana zamu. Watu wazima wanapika. Wajukuu wanasalimia kwa Kiswahili, shikamoo moja ya harakaharaka, halafu wanashuka chumba cha chini ya nyumba na tableti zao, na hatuwaoni tena mpaka kuku atakapowaita kwa harufu.

Katika watoto wa kile kibaraza tumebaki mimi na Furaha. Wengine walikufa, wengine hatujui walikoishia. Siku moja nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimekaa kwenye ngazi, nikaona kwamba tukiondoka sisi wawili, Shangazi Zawadi atakuwa amekufa mara ya pili. Nikaamua kwamba Novemba ile nitawasimulia wajukuu nyumba ya pamba, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho.

Nilivyofanya ni aibu. Kabla ya chakula nilisimama mbele ya kochi, nikafunga kifungo cha koti, nikasema, "Bwana asifiwe." Watoto wakasema amina, maana wamelelewa vizuri. Nikaendelea: "Ninamshukuru Mungu kwa nafasi hii. Nataka kuwaeleza jinsi kijana mmoja, Bahati, alivyoingia katika nyumba yenye mzimu, na jinsi Mungu wetu alivyomtoa akiwa mzima." Ninyi mnaosali kwetu mmeshanielewa. Nilikuwa natoa ushuhuda. Ushuhuda huanza na wokovu: unasimama, unasema Bwana amenitoa shimoni, ndipo unaeleza shimo lenyewe. Nimetoa ushuhuda miaka mingi, mdomo wangu hauijui njia nyingine. Kabla Bahati hajanyeshewa, watoto walikuwa wameshashuka ngazi. Kabla hajavua viatu, Furaha alikuwa anakoroma, yeye aliyekimbia na kuni kwa hadithi hiyohiyo.

Amani alinipeleka pembeni. "Baba," aliniambia kwa upole, "hawa batoto wako na mambo yao. Tuwaache na tableti, donc, basi, tule kwa amani."

Niliumia kidogo, lakini nilikula vizuri.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja mchana, mjukuu wangu Neema alikuwa mezani jikoni Beechmont anapumua kwa hasira. Neema ana miaka kumi na minne, ananisemesha Kiswahili akitaka, na Kiingereza akichoka. Nilimuuliza kuna nini. Alisema mwalimu wao amewapa hadithi za mizimu za Waingereza wa zamani, wa wakati wa Malkia Viktoria, watu wa mishumaa na magauni marefu, na wanatakiwa kueleza mwandishi anamwekaje msomaji roho juu.

"Na hakuna kitu kinatokea, Babu," alilalamika. "Kurasa kumi, mutu anafunga dirisha tu."

Nilivuta kiti. Nilimuuliza huyo mtu ni wa namna gani. Ni msomi, alisema, haamini mambo ya mizimu, anawacheka watumishi. Nyumba ni ya nani? Ni nyumba kubwa, mwenyewe aliondoka zamani. Hali ya hewa? Neema alinitazama, kisha akatazama kitabu. Mvua. Na huyo msomi, ameuona mzimu? Bado. Amesikia tu. Amesikia wapi? Mbali, mwisho wa ujia. Halafu karibu zaidi.

"Huyo ninamfahamu," nilimwambia. "Ana viatu vya ngozi."

Tukaacha kitabu, nikamweleza habari za Shangazi: kibaraza, ungo, soksi ya kulia na soksi ya kushoto, jiwe la maharage lililotupwa kwenye migomba. Neema alikuwa anafungua macho. Kila nilipotaja kitu, alikuwa na jina lake la shuleni. Soksi ni kuchelewesha makusudi. Kijana wa zahanati ni shahidi asiyeamini, ili akianza kuogopa yeye, wewe huna pa kujificha. Mlango mtupu usio na mtu ni kutomwonyesha mzimu, kwa sababu msomaji akiachiwa nafasi atajitengenezea wa kwake, mbaya kuliko wa mwandishi. Mimi niliyajua mambo hayo kwa mgongo, kwa ule ubaridi wa kukaa karibu na migomba, lakini sikuwahi kuyatenganisha moja moja namna ile. Nilimwambia mwalimu wake ni mtu wa akili. Nilifurahi pia kuwaza wale Waingereza na Shangazi wakikutana mahali, wao na mishumaa yao, yeye na ungo wake, wakielewana bila lugha.

Ndipo Neema akauliza kwa nini basi mwaka jana Columbus haikuwa hivi.

Nilijifanya natafuta ukurasa kitabuni.

"Babu, uliharibu pale mwanzo. Ulisema Bahati alipona. Sasa mimi niogope nini?"

Nilijitetea. Nilisema Mungu lazima apewe sifa kwanza.

"Mungu anajua mwisho, Babu," Neema alisema. "Ni sisi hatujui."

Nimekaa kanisani miaka mingi na sijasikia mahubiri yaliyonifaa zaidi ya hayo.

Novemba ikafika. Columbus kulikuwa na mvua nyembamba iliyokuwa inakaribia kuwa theluji, na saa kumi na moja jioni madirisha yalikuwa yameshaanza kuwa meusi. Watoto walikuwa chini. Safari hii sikusimama wala sikuita mtu. Neema alizima televisheni na taa kubwa, akaacha ile ndogo ya kona, akakaa chini. Nilimwomba Furaha achambue maharage. Maharage ya dukani huku ni masafi mno, hayana jiwe wala kijiti, lakini dada yangu aliweka sinia mapajani na kuyachambua kwa uso wa kazi. Nami nilimgeukia yeye, si watoto, nikaanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida: unakumbuka mwaka ule mvua ilipochelewa, barabara ya tambarare ilivyokuwa? Furaha alikumbuka. Tukazungumza matope kwa raha kabisa, mpaka tukafika kwa Bahati.

Mtoto hapendi hadithi anayoitiwa. Anapenda maneno ya wakubwa ambayo hayamhusu. Wa kwanza kutokea kwenye ngazi alikuwa Esteri, mjukuu wa Furaha, wa miaka tisa, tableti mkononi na ulimi mkali mdomoni. Aliuliza kwa Kiingereza Bahati ni nani. Neema alimwambia akae, atajua. Esteri akakaa kwenye mkono wa kochi, mtu aliye tayari kuondoka. Wengine wakapanda, mmoja, halafu wawili.

Bahati alipokosa pa kukimbilia mvua, Esteri aliuliza kwa nini hakupiga simu. Furaha akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia, kwamba simu yake ilikuwa haijazaliwa. Watoto wakacheka, na katika kile kicheko niliwaeleza hodi ni nini, maana huku mgeni anaandika ujumbe kwamba yuko nje, kisha anakaa ndani ya gari. Niliwaambia kuhusu zile mara tatu. Nikarudi kwenye soksi. Soksi ya kulia. Esteri alitelemka kutoka mkono wa kochi, akakaa kwenye kochi lenyewe.

Hodi ya kwanza, barabarani. Bahati akacheka. Hodi ya pili, mlangoni. Akageuka, akaona mvua mpaka barabarani, hakuona mtu.

Na hapo, ndugu zangu, niliusikia mdomo wangu ukijiandaa. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi: lakini Mungu wetu ni mwema. Miaka mingi ya ushuhuda ilikuwa inanisukuma mgongoni. Niliwaona watoto wamenikazia macho, wote, bila tableti hata moja mbele ya uso, na nilijua nikilitoa neno hilo wataachia pumzi, watashuka ngazi, na mwaka kesho sitakuwa na ujasiri wa kujaribu tena, kama nitakuwepo.

Furaha aliinua uso. Dada yangu ananijua.

"Nani ataniletea maji jikoni?" aliuliza.

Jiko lilikuwa pale tu, nyuma ya mlango uliokuwa wazi kidogo, na ndani yake giza. Hakuna aliyesogea. Furaha aliuliza tena, taratibu. Watoto walitazama ule mlango, wakatazamana. Mimi nilimeza yale maneno, yakashuka. Ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba zile kuni za Shangazi hazikuwa zetu peke yetu. Naye alikuwa anatafuta nafasi ya kupumua.

Furaha akarudi kwenye maharage. Punje moja. Punje nyingine. Kisha akaacha.

"Bahati alikuwa bado anautazama mlango," nilisema. "Ndiyo maana hakuona mahali ilipotoka ile ya tatu. Ilitoka kwenye kile kiti kingine."

Nikasema hodi, kwa sauti ndogo, ya mtu mzima mwenye adabu asiye na haraka.

Sikuongeza kitu. Mvua ilikuwa inagonga kioo. Mtoto mmoja alikuwa amepanda mapajani kwa Amani, na Amani, mwanaume mwenye ndevu na mkopo wa nyumba, alikuwa amemkumbatia kwa mikono yote miwili, na ni yeye aliyeuliza kwanza, "Kisha, Baba?" Sauti ilikuwa ya mtoto niliyemnyima hadithi kambini.

Esteri alinivuta mkono wa koti. "Babu," alisema, "na kisha? Ye aliona nini?" Kwa Kiswahili. Kibovu, lakini chetu. Sijui kama yeye mwenyewe aligundua. Furaha aligundua, maana alishika sinia vizuri lisimponyoke.

Nilimwambia mimi sikuwa ndani ya ile nyumba. Alinikasirikia mpaka wakati wa kulala, na hiyo ilikuwa heshima kubwa niliyopewa tangu nifike nchi hii.

Wiki chache baadaye Furaha alipiga simu kutoka Buffalo. Alisema Esteri hapandi ghorofani peke yake tena, na mkwewe analaumu. Kisha akasema mtoto ana jambo, akampa simu. Esteri alitaka kunisimulia. Alisimulia kwa Kiingereza, na Neema akawa ananiwekea sawa pale niliposhindwa. Nyumba ya pamba haikuwepo tena. Ilikuwa nyumba yao wenyewe, ile ya mbao kuukuu ya West Side ambayo ngazi zake zinalia usipozikanyaga. Mvua ilikuwa theluji. Bahati alikuwa kijana anayepeleka piza, haamini kitu. Alivua viatu vyake, akakung'uta theluji, kiatu cha kulia, halafu cha kushoto, na mimi huku Louisville nikaanza kuibana simu sikioni. Hodi aliiacha hodi. Nilimuuliza kwa nini, akasema Kiingereza hakina neno la kutosha hapo.

Hodi ya kwanza ilitoka mtaani, chini ya taa. Ya pili kwenye ngazi za mbele. Kisha Esteri akasema bibi anamwita akapige mswaki, akakata simu.

Nilibaki nimekaa. Ninajua ile ya tatu ilitoka wapi katika nyumba ya pamba, lakini katika nyumba yake sijui, maana kule hakuna viti viwili vinavyoelekeana. Neema alikuwa anacheka mpaka machozi.

Enzi zetu ni watoto waliomsubiri mzee. Shangazi alikuwa karibu, ukinyoosha mkono unaigusa kanga yake, na tulidhani watu wote duniani wanaishi hivyo, kila mtu na shangazi wake jioni. Siku hizi mzee ndiye anayemsubiri mtoto, amalize shule, amalize mpira wa kikapu, amalize kwaya, akumbuke, na kati yetu kuna barabara ya kutwa nzima. Wana taa katika kila chumba na bado wameomba kuogopeshwa. Natamani ningewapa na kile kibaraza, na popo, na sauti ya Shangazi yenyewe badala ya hii yangu ya kukohoa. Sina. Nina simu tu. Naiweka karibu, na ikilia jioni nainuka haraka kuliko daktari anavyonishauri.